Yamekufa au Wamekufa? Kuitafsiri Chasing Coral Kijijini

Mara ya kwanza kuitazama Chasing Coral nililia. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, niko kitandani hosteli na kompyuta ya kuazima, na mwenzangu wa kitanda cha juu akainamisha kichwa kuniuliza kama nimepigiwa simu ya msiba. Nikamwambia ni matumbawe. Akarudi kulala.

Mara ya pili nilikuwa nimesimama kando ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani mwa darasa, kijijini kwetu kusini mwa Mafia. Jenereta lilikuwa linanguruma nje, watu kama sitini wamebanana kwenye madawati ya watoto, na mimi ndiye mkalimani. Sikulia. Nilitoka jasho tu, na katikati ya filamu nikaanza kuona mambo ambayo hosteli machozi yaliniziba nisiyaone. Makala haya yanahusu mara hiyo ya pili.

Kwa asiyeijua, hii ni filamu ya Marekani ya mwaka 2017, ya mkurugenzi Jeff Orlowski, iliyopata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Sundance na kununuliwa na Netflix. Orlowski alikwishatengeneza Chasing Ice, juu ya barafu inayoyeyuka, na safari hii aliyemwita baharini ni Richard Vevers, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya matangazo ya biashara London. Vevers ana hoja moja, na filamu nzima imejengwa juu yake: shida ya bahari ni shida ya matangazo. Watu hawaoni kilicho chini ya maji, ndiyo maana hawajali. Basi wanatengeneza kamera za kukaa chini ya bahari miezi, zipige picha mwamba ukifa hatua kwa hatua. Kamera zinawaangusha, picha zinatoka na ukungu. Ndipo kijana fundi wa kamera, Zack Rago, mpenzi wa matumbawe tangu zamani, anapohamia na wenzake Lizard Island kwenye Great Barrier Reef, Australia, mwanzoni mwa 2016. Wanazamia wenyewe kila siku, wanapiga picha mahali pale pale, wiki baada ya wiki, huku maji yakizidi kuchemka na kila kitu mbele yao kikigeuka cheupe, halafu kikiota ukungu wa mwani, halafu basi.

Mwaka ule Great Barrier Reef ilipoteza karibu theluthi ya matumbawe ya maji mafupi. Hilo si la kubishaniwa, na filamu haikutia chumvi.

Kikwazo changu cha kwanza kilikuja dakika za mwanzo tu. Kwenye filamu mtaalamu anaeleza kwamba tumbawe ni mnyama. Nikatafsiri hivyo hivyo: "Tumbawe ni mnyama." Darasa zima likacheka. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Ana kwato?"

Nilijua nimekosea wapi kabla kicheko hakijaisha. Kitabu cha biolojia kinaruhusu kuita chochote kinachokula mnyama, lakini pwani mnyama ni mbuzi, ni ng'ombe, ni paka. Samaki ni samaki. Kaa ni kaa. Nikajaribu "kiumbe", na kiumbe ni kila kitu, hata mnazi. Nikajaribu "mdudu". Bibi mmoja wa mstari wa mbele, ambaye amechokoa pweza kwenye mwamba ule tangu akiwa mwali, akanihurumia. "Mwanangu," akasema, "si useme ni kama kome? Nyama yake ndani, jumba lake nje, na sisi tumezoea kuliona jumba." Nikamshukuru, nikalitumia hilo mpaka mwisho, ingawa kwa tumbawe mambo yamepinduliwa: jiwe liko chini na ndani, nyama imetandazwa juu yake, nyembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na hadi leo sijaimaliza. Matumbawe yamekufa, au matumbawe wamekufa? Kiswahili hakikuachii nafasi ya kukwepa. Kitu chenye uhai kama wetu tunakipa a- na wa-: samaki wamekufa, kaa wamekufa, hata kupe wamekufa. Tumbawe tunalipanga na jiwe, jani na embe. Kila mara filamu iliposema wanakufa, mimi nilisema yanakufa, na niliisikia sentensi ikishuka uzito mdomoni mwangu. Jiwe linakufaje? Mzungumzaji wa Kiingereza ana kiwakilishi kimoja kinachowatosha mawe na watu pia wakiwa wengi, kwa hiyo filamu inamvusha mtazamaji kutoka mwambani hadi kwenye huruma bila yeye kuona ngazi. Mimi ilinibidi niipande ngazi ile mbele ya watu, kila sentensi. Nilijaribu "wanakufa" mara moja. Mzee mmoja akanisahihisha kwa sauti ya chini, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto anayesoma msahafu: "Yanakufa."

Sitaki kuidharau sehemu ile ya biolojia, kwa sababu ndiyo bora katika filamu nzima. Ruth Gates, mtafiti wa Hawaii aliyefariki Oktoba 2018, anaeleza polipu ni nini kwa namna ambayo walimu wangu wawili hawakuweza kwa muhula mzima. Chukua kipande cha tumbawe gumu kilichotupwa ufukweni, kiangalie kwa karibu. Kimejaa vikombe vidogo, na ndani ya kila kikombe kuna kuta nyembamba zinazoelekea katikati, kwa hesabu ya sita na mafungu ya sita. Kila kikombe kilikuwa na mwenyewe: mfuko mlaini wenye mdomo mmoja, unaotumika kula na kutoa taka, umezungukwa na mikono yenye sumu ya kuchomea vijidudu vya baharini. Polipu anaketi juu ya kikombe chake na kukijenga kwa chokaa anayoivuta majini. Kikimwia kifupi anajiinua kidogo, anamwaga sakafu mpya chini yake, anahamia juu. Anajigawa, wa pili anajenga kikombe chake jirani, nyama zao zimeungana. Jiwe la ukubwa wa meza ni ukoo mmoja wa maelfu waliotoka kwa mmoja, na walio hai ni safu ya juu tu, unene wa milimita chache. Chini yake yote ni nyumba za zamani.

Halafu kuna siri ya rangi. Ndani ya nyama ya polipu wanaishi vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wao sehemu kubwa, kwa matumbawe mengi hadi tisa ya kumi ya nguvu anayoihitaji. Mwenyeji huwapa makazi na mbolea ya taka zake. Ndiyo maana matumbawe yajengayo miamba hukaa maji mafupi na maangavu, na ndiyo maana bahari isiyo na rutuba nyingi inaweza kubeba mji wa samaki. Eneo lote la miamba duniani halifiki asilimia moja ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina za viumbe wa baharini huitegemea kwa namna fulani. Maji yakizidi joto la kawaida la kilele cha kiangazi kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, na yakabaki hivyo wiki kama nne, vimwani vinaanza kuzalisha sumu badala ya kulisha, na polipu anavitoa. Nyama yake haina rangi. Kinachoonekana ni mfupa mweupe chini ya ngozi iliyo wazi. Huko ndiko kupauka.

Filamu inalinganisha joto hilo na homa ya mwanadamu, nyuzi moja mbili juu ya mwili wa kawaida na hazishuki. Hapo sikuhitaji kuhangaika. Kila mtu darasani amewahi kulala na malaria.

Ila kuna neno ambalo filamu inalisema mara moja na kulipita, nami naona lingestahili kukaziwa: tumbawe lililopauka halijafa. Lina njaa. Joto likishuka mapema, vimwani hurudi na rangi hurudi. Kifo ni pale mwani mwingine, ule mrefu wa kijani na kahawia, unapofunika mfupa. Mtazamaji wa filamu hii hutoka akiamini kwamba weupe ndiyo maiti, kwa sababu weupe ndio unaopendeza kwenye picha. Mwani wa kahawia haupendezi.

Hapa ndipo mtu wa matangazo anapoanza kuonekana nyuma ya pazia. Silaha kuu ya filamu ni picha mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, kabla na baada. Mwamba wa rangi, halafu mwamba mweupe. Rangi, weupe. Tena na tena, na muziki. Darasani wanawake watatu walikuwa wanatazamana, na baadaye mmoja akaniambia walichokuwa wanakiwaza: matangazo ya mkorogo. Wote tumeyaona, uso mmoja mweusi kushoto, uso huo huo umechubuliwa kulia. Nilicheka wakati ule, lakini njiani nilipofikiri niliona si mzaha. Picha ya kabla na baada haina katikati. Haioneshi kitu kinachopona, wala kinachosuasua, wala kinachokufa upande mmoja na kuota upande wa pili, na miamba mingi ninayoifanyia kazi iko katika hali hiyo. Ni lugha inayojua kuuza, na inachokiuza hapa ni huzuni.

Sehemu ya New Caledonia inanikera zaidi, ingawa ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Huko Vevers na wenzake wanakuta matumbawe yaliyo katika joto kali yakiwaka zambarau, buluu na njano kama taa za harusi. Filamu inaeleza, sawasawa kabisa, kwamba matumbawe yanatengeneza rangi hizo kujikinga na jua, kama mafuta ya kujipaka. Lakini haiwezi kuiacha hapo. Inaturudisha tuione ile rangi kama kilio, kama matumbawe yanatupungia mkono tuyatazame kabla hayajafa. Mwaka 2020 watafiti wa Southampton, Uingereza, walionesha vizuri zaidi kinachotokea: vimwani vikishatoka, mwanga unazidi kuingia na kugonga mfupa, na mwanga huo wenyewe unaliamsha tumbawe kutengeneza rangi ya kinga, na kinga hiyo inaweza kuvisaidia vimwani kurudi. Kwa maneno mengine, tumbawe lile halikuwa linamwita mtu. Lilikuwa linatundika pazia dirishani ili wapangaji warudi. Kwangu mimi hiyo inagusa zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba filamu ilikuwa na ukweli mkononi, ikauona hautoshi mpaka umhusu mtazamaji.

Na machozi. Karibu na mwisho Rago anaonesha picha zake kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi wa matumbawe, Hawaii, 2016. Anashindwa kuongea vizuri, na kamera inatembea kwenye nyuso za wasikilizaji wanaolia. Hosteli hapo ndipo nilipolia na mimi. Darasani palikuwa kimya, na yule bibi wa pweza akaniuliza, si kwa kejeli, alitaka kujua kweli: "Huyu kijana kafiwa na nani?"

Nikasema anayalilia matumbawe.

"Ya kwao?"

Nikasema hapana, yeye ni wa Marekani, huko ni Australia.

Akatikisa kichwa taratibu. "Ana moyo," akasema. Nilimwamini kwamba alisema kwa heshima. Lakini swali lake la "ya kwao?" halijanitoka. Filamu inaonesha watu wanaofika mwambani wakiwa na chupa za hewa, wanaona, wanahuzunika, wanaondoka. Mwamba wao ni kitu cha kutazamwa. Hapa kijijini sijawahi kumsikia mtu akisema mwamba ni mzuri. Nimesikia mwamba una samaki, mwamba umechoka, mwamba umevunjwa.

Sasa nifike kwa babu yangu, maana nimekuwa nikimzunguka.

Babu alikuwa mchoma chokaa. Yeye na wenzake walikuwa wakisubiri bamvua, maji yakipwa kabisa wanatoka na dau na mitarimbo, wanang'oa matumbawe hai, yale makubwa ya mviringo ya jamii ya poritesi na mengine yoyote yaliyofikika. Waliyarundika ufukweni yakauke mpaka harufu iishe. Kisha wanapanga magogo duara, magogo ya mnazi na mti wowote mgumu, wanapanda mawe juu, wanawasha. Moto ukishakula ukaisha, wananyunyizia maji, mawe yanapasuka na kuvimba na kuwa unga. Chokaa. Ilikwenda Kilindoni, nyingine ilivuka kwenda Dar es Salaam. Nyumba ya babu ina chokaa hiyo ukutani. Ada ya shule ya baba yangu ilitoka humo, na kwa hesabu hiyo hata shahada yangu ina vumbi lake. Wala si yeye aliyeianza kazi hiyo. Magofu ya Kua, kule Juani, ng'ambo ya ghuba, ni mawe ya matumbawe na chokaa ya matumbawe tangu msingi hadi mihrabu. Mji wowote wa kale wa pwani yetu umejengwa kwa miili ya polipu.

Tumbawe la poritesi hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Lile lenye upana wa mita mbili lilianza kabla babu wa babu hajazaliwa. Mtarimbo ulihitaji asubuhi moja.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na kuvunja matumbawe kukapigwa marufuku. Babu aliacha, hakwenda kuvunja usiku kama wengine walivyosemwa. Akashona nyavu. Na mimi, mjukuu wake, katika pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili nimeweka jedwali la vitisho kwa miamba ya Mafia, na mstari wa nne unasema: uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa. Nimeuandika kwa herufi zile zile za mistari mingine. Ni sahihi. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta kosa.

Usiku ule babu alikaa pembeni, karibu na mlango, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Filamu ilipoisha na taa ya simu ya mtu ikawashwa, watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, na kijana yule yule wa kwato akapaza sauti: "Kumbe si sisi! Ni joto la wenye viwanda huko!" Watu wakaitikia. Nikaona mabega ya wanaume kadhaa yameshuka kwa nafuu, na sikujua nifurahi au niogope.

Nilikuwa na sababu ya kufurahi. Tangu niko mtoto, kila mgeni aliyekuja na kipaza sauti kijijini kwetu amekuja kutuambia kwamba sisi ndio tunaoua bahari. Hakuna aliyefika kuwaambia wazee kwamba ule mwaka wa Elninyo, 1998, mwamba ulipogeuka mweupe mtupu kama uliopakwa chokaa na samaki wakapotea, si laana na si wao. Ilikuwa bahari nzima ya Hindi. Tutia, kusini mwetu, misitu ya akropora iliyokuwa imesimama ilianguka ikawa vifusi. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalisema karibu asilimia 16 ya miamba ya dunia iliharibiwa katika tukio lile. Nilizaliwa mwaka uliofuata. Mwamba ninaoujua mimi ni wa baada. Bibi akisema zamani pweza walikuwa wanakungoja, mimi nilidhani ni maneno ya wazee, kumbe ni takwimu.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa, kwa sababu baruti ipo. Kokoro lipo. Hapo ndipo ninapoilaumu filamu hasa, zaidi ya rangi na muziki. Inasimulia joto peke yake. Haikai kueleza mwamba unaponaje, na bila kueleza hilo huwezi kumwambia mvuvi kwa nini mkono wake una maana. Mtoto wa tumbawe huelea baharini siku kadhaa akitafuta pa kutua, na anataka pagumu, safi, pasipo na mwani mrefu. Anayesafisha ni samaki wala mwani, na wa kwanza kati yao ni pono. Sote tunamjua kwa usingizi wake, mtu anayelala hajijui tunasema kalala pono, na kweli baadhi yao usiku hujifunika utando wa ute wakalala ndani kama kwenye chandarua. Mchana hufanya kazi ya kutisha: anaguguna mwamba kwa mdomo wake kama koleo, anakula mwani, anasaga jiwe, anatoa mchanga. Fukwe nyeupe wanazopiga picha watalii sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Ukimaliza pono kwa kokoro, mwani unatawala. Ukipiga baruti, unaacha vifusi vinavyoviringika kila wimbi, na mtoto wa tumbawe aliyetua hapo anasagwa kabla hajawa na kikombe cha pili. Joto linaua mwamba. Kama utainuka tena baada ya hapo, inategemea pia watu sitini waliokuwa darasani.

Najua jibu la mtetezi wa filamu, kwa sababu hata mimi nimejibishana naye kichwani. Great Barrier Reef imekuwa hifadhi tangu 1975, ina doria na pesa ambazo sisi hatutaziona, na bado ilipauka. Pono hazimi jua. Ni kweli. Aprili 2024 ilitangazwa rasmi kwamba dunia imeingia tena katika kupauka kwa jumla, mara ya nne, na Tanzania na Kenya zilikuwamo. Niliingia majini mwaka ule na ubao wangu wa kuandikia, na kuna siku niliandika tarakimu nikaifuta nikaiandika tena, nikidhani nimekosea kuhesabu. Kwa hiyo Orlowski hakukosea mkosaji mkubwa ni nani. Lakini mtengenezaji wa filamu aliyeamua kwamba watu hawajali kwa sababu hawaoni hana cha kumwambia mtu ambaye ameona maisha yake yote, kwa mikono.

Kelele zilipotulia, babu aliniita. Nikaenda nikachutama karibu na dawati lake.

"Na yale tuliyovunja sisi," akauliza, "yamo humo?"

"Hayamo, Babu."

"Hawakutaja kabisa?"

"Hawakutaja."

Akakaa na jibu hilo muda. Nilidhani atafarijika kama wale wengine. Hakufarijika. Nilivyomwona ni kama mtu aliyekwenda msibani na deni lake la marehemu mfukoni, akakuta hakuna wa kumkabidhi. Nikataka kumwambia mambo ninayoyajua: kwamba chokaa ikichomwa inatoa hewa ukaa, ile ile ya viwanda, na kwamba ukutani, mwaka hadi mwaka, chokaa inaivuta hewa hiyo tena polepole na kurudi kuwa jiwe. Ukuta wake unajirudisha kuwa kile alichokivunja. Ilionekana kichwani mwangu kama faraja. Mdomoni ilikuwa kemia ya kidato cha nne, nikanyamaza.

"Turudishie pale usiku," akasema.

Sikumwelewa.

"Pale maua yanapotoka."

Kuna sehemu fupi mapema katika filamu, polipu wamepigwa picha kwa karibu sana, wakifunguka. Wakati wa mchana matumbawe mengi hujikunja ndani ya vikombe, usishike chochote ila ukwaruzo na ute. Giza likiingia mikono inatoka, maelfu kwa maelfu, inapunga ikitafuta chakula, na jiwe zima linakuwa na manyoya. Nikairudisha. Watu waliokuwa wameanza kutoka wakasimama mlangoni.

Babu akainuka akaenda hadi kwenye shuka, karibu mno, kivuli cha kofia yake kikaingia kwenye picha. Akanyoosha kidole bila kugusa.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Sisi tulikwenda mchana," akasema. "Bamvua la asubuhi. Usiku hatukuwahi kwenda."

Hakuna aliyeongea. Akaniomba niendeleze, tukaitazama sehemu hiyo mara tatu, na katika mara ya nne jenereta likaishiwa mafuta.